Siku Mbili Kando ya Bahari Kabla ya Kurudi Kamina

Nawasalimu ninyi wa Kamina mjini, ninyi wa Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu, na ninyi mnaokaa kando ya ziwa Kisale, Sanga na Kikondja, mnaotufuata baada ya kutoka majini. Jioni hii nazungumza juu ya bahari, na hasa juu ya swali ambalo ndugu zetu wanaosafiri kwenda Dar es Salaam huniuliza mara kwa mara. Mtu akiwa na siku mbili tu, atapata wapi hoteli ya ufukweni isiyo na kelele, alale, apumzike, kisha ashike njia ya kurudi nyumbani?

Swali hili si la watalii. Ni la mama anayefuata vitenge na vyombo vya jikoni sokoni Kariakoo. Ni la papa ambaye gari lake limeshushwa melini na sasa anangoja karatasi zitoke. Mizigo ya Kongo ni sehemu kubwa ya mizigo ya nchi jirani inayopita katika bandari ya Dar es Salaam, na nyuma ya kila kontena kuna mtu aliyetoka Lubumbashi, Likasi, Kolwezi au hapa kwetu, akapanda basi, akavuka Kasumbalesa, akaikata Zambia mpaka Nakonde, akaingia Tunduma, akateremka kwa njia ya Mbeya, Iringa na Morogoro. Kutoka Lubumbashi mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni karibu kilomita 2,000. Aliyeanzia Kamina ana nyingine zipatazo 600 za reli kabla hajafika hata Lubumbashi. Mtu huyu anashuka stendi ya Magufuli, kule Mbezi, miguu imevimba. Analala Kariakoo kwenye gesti iliyo juu ya maduka, anahangaika na wakala wa forodha wiki nzima, kisha anapanda basi lile lile kurudi. Muulize bahari ikoje, atakuambia aliiona kwa mbali, katikati ya makontena.

Jambo hili linaniuma. Safari ile inauchosha mwili, na anayeifanya mara kwa mara anazeeka nayo. Mapumziko yapo, tena umbali wa saa moja au mbili tu kutoka pale anapolala. Fedha anayolipa kwa siku mbili za mwisho Kariakoo, akiongeza kidogo, ingemlaza mahali ambapo usiku anasikia mawimbi badala ya honi. Wengi ninaoongea nao hawakosi pesa hiyo. Wanachokosa ni kujua waende wapi, siku gani, na wakipiga simu waulize nini.

Tuanze na bahari yenyewe. Nchi yetu ina ya kwake. Kule Muanda, Kongo-Central, tuna pwani ya kama kilomita 40 kwenye Atlantiki, na wanaoifahamu wanasema jua linapozama pale majini mtu hasogei. Lakini kwa mtu wa mkoa wetu wa Haut-Lomami, kufika Muanda ni safari kamili: ndege mpaka Kinshasa, kisha barabara ya Matadi na Boma. Huko huendi kwa kupitia tu. Kuna pia Lobito, nchini Angola. Reli ya Benguela iliungana na reli yetu pale Tenke mwaka 1931, na miaka hii inatajwa sana kwa sababu ya shaba na kobalti. Lobito ina ulimi mrefu wa mchanga unaoitwa Restinga, upande mmoja bandari, upande mwingine bahari iliyo wazi. Siku msafiri wa kawaida atakapopanda treni Tenke akashuka Lobito bila taabu, nitaizungumzia kwa kirefu. Kwa sasa njia yetu ya biashara ni ya mashariki, na mashariki kuna faida ambayo hatuipati Lobito: tunaongea na mwenye hoteli kwa Kiswahili. Chetu kina Kifaransa ndani yake, chao kina lafudhi ya pwani, lakini tunaelewana. Na mambo ya kelele na utulivu yanataka maelezo. Huwezi kuuliza kwa vidole kama jenereta iko nyuma ya chumba.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema leo. Utulivu wa ufukwe wa Dar es Salaam unategemea siku ya wiki kuliko unavyotegemea jina la hoteli. Angalieni jinsi msafiri wetu anavyonaswa. Wakala wake hufanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, kwa hiyo hizo ndizo siku anazojikuta hana la kufanya, na anasema: basi, leo niende baharini. Lakini siku hizo hizo ndizo ambazo jiji lenye mamilioni ya watu linateremka baharini. Coco Beach, pale Oysterbay, inajaa familia, mihogo ya kukaanga na muziki. Vivuko vya Magogoni vinavusha umati kwenda Kigamboni. Hoteli ambayo Jumatano ungekaa na mlinzi na paka, Jumamosi ina sherehe ya harusi na spika mbili zinazotazama bustanini. Sikukuu za Idi, Pasaka na mwisho wa mwaka ni hivyo hivyo mara mbili. Siwalaumu wenye jiji. Bahari ni yao na wiki yao ni ngumu. Lakini aliyekwenda kutafuta usingizi atarudi Kariakoo amechoka zaidi, akiwaambia wenzake kwamba hoteli za baharini ni za kelele. Hoteli haikuwa na kosa. Siku ndiyo iliyomponza.

Basi geuzeni ratiba. Jumamosi fanyeni manunuzi yenu, maana Kariakoo Jumamosi inauza. Jumapili asubuhi nendeni kanisani, mle, mpange mizigo. Jumapili alasiri, watu wa jiji wanapoanza kukunja mikeka yao, hapo ninyi ndiyo mnakwenda. Laleni Jumapili, laleni Jumatatu, rudini Jumanne. Jumatatu wakala anaendelea na karatasi, naye ana namba yenu. Tena Jumapili usiku vyumba vimebaki vitupu, na mwenye hoteli anamsikiliza mgeni. Omba bei ya siku mbili kwa pamoja, omba chai ya asubuhi iwe ndani ya bei, na ukiomba kwa adabu mara nyingi unapata kimoja kati ya hivyo viwili.

Msimu nao una neno. Pwani ile inaishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, nayo ina joto na bahari tulivu zaidi. Kusi hushika baada ya masika na kuendelea mpaka Septemba au hata Oktoba. Ina baridi nzuri kwa sisi tuliozoea nyanda za juu, ila mawimbi ni makubwa zaidi na upepo unapiga milango. Masika yenyewe, mvua za Machi mpaka Mei, hufukuza wageni. Baadhi ya hoteli hufunga Aprili na Mei zikafanya matengenezo, kwa hiyo aliyefika miezi hiyo aulize kama kuna ujenzi. Mbali na hilo, mimi Aprili naipenda. Mvua hunyesha kwa nguvu, kisha huacha, na bei ziko chini. Mtu wa Kamina mvua haimtishi.

Nije kwenye mahali. Sitataja jina la nyumba fulani, kwa sababu hoteli hubadilisha mmiliki, mpishi na mpiga muziki, na ninachosifu leo kinaweza kuwa kingine utakapofika. Nitataja maeneo, ambayo hayahami.

Kaskazini ya jiji, kwenye barabara ya Bagamoyo, kuna Mbezi Beach, Kunduchi na Bahari Beach. Mtu aliyefika stendi ya Magufuli kwa basi usiku anaweza kwenda huko moja kwa moja bila kuingia katikati ya jiji. Hoteli kubwa za pale ni nzuri kwa mwenye watoto, na kutoka Kunduchi boti huvuka kwenda kisiwa cha Mbudya, ambacho ni hifadhi ya bahari. Lakini hoteli kubwa ina mikutano, semina, mabwawa ya kuogelea na kumbi za harusi. Kwa utulivu ninaouzungumzia, pale chagua nyumba ndogo, na uulize kabla.

Kusini, ng'ambo ya mlango wa bandari, kuna Kigamboni. Unavuka kwa kivuko kutoka Magogoni, dakika chache tu majini, ama unapita daraja la Kurasini lililofunguliwa mwaka 2016. Fukwe za karibu, Mikadi na Mjimwema, ndizo zinazofuatwa na watu wa jiji mwisho wa wiki. Ukiendelea kusini, Gezaulole na zaidi Kimbiji, watu wanapungua, vijiji vya wavuvi vinaanza, na bahari iko wazi. Kimbiji mimi ningeipa nafasi ya pili katika orodha yangu. Taabu yake ni usafiri: ukishafika huna daladala za kila dakika, na bodaboda ya usiku si ya kuiamini. Pangeni gari la kwenda na kurudi kabla hamjaondoka mjini.

Zanzibar kila mtu ataniuliza. Ndugu zangu, Zanzibar ni nzuri, na kwa siku mbili siwashauri. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam inachukua karibu saa mbili, lakini ongezeni foleni ya tiketi, ukaguzi wa pasipoti na mizigo mnapofika Unguja, kisha gari mpaka Paje, Jambiani au Nungwi. Nusu ya siku ya kwanza imekwisha, na nusu ya siku ya mwisho imekwisha pia. Siku mbili zimekuwa moja, na hiyo moja mmeitumia kuangalia saa msije mkachelewa boti. Zanzibar ipewe siku nne au tano, au iachwe mpaka safari nyingine.

Kwangu mimi chaguo la kwanza ni Bagamoyo.

Iko kilomita zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam, barabara ya lami, magari yanapita Mwenge, Tegeta na Bunju. Ni mji mdogo. Saa tatu usiku mitaa ya Mji Mkongwe imeshatulia. Hoteli zake za ufukweni nyingi ni za vyumba vichache, nyumba za makuti kati ya minazi, na wanafunzi wa chuo cha sanaa, TaSUBa, ndio wanaopiga ngoma za mazoezi mchana. Ulizeni kama chumba chenu kiko karibu na chuo, maana wengine wanazipenda ngoma hizo na wengine wanataka kimya. Bahari ya Bagamoyo haina rangi ile ya bluu ya kadi za posta, nawaambia mapema ili msije mkavunjika moyo. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini ya mji, kuna mikoko, kuna tope, na maji yana rangi ya udongo siku nyingi. Lakini ni maji tulivu, kwa sababu kisiwa cha Unguja kiko mbele yake, na alfajiri mashua za wavuvi zinaingia sokoni na samaki wanapigwa mnada pale pale mchangani. Mtu wa Kisale atajisikia nyumbani katika mnada ule kuliko katika hoteli yoyote ya nyota tano. Atauliza bei, atabishana, atajifunza majina: changu, kolekole, nguru, pweza.

Sababu yangu ya pili ya kuipenda Bagamoyo ni nzito zaidi. Pale ndipo barabara ya bara ilipoishia. Misafara ya karne ya 19, iliyotoka Tabora na Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika, ilifika pale na pembe za ndovu, na ilifika pale na watu waliofungwa. Wengine kati yao walitoka nchi za kwetu. Walitembea miezi mingi, na mchanga ule ulikuwa ardhi ya mwisho ya bara waliyoikanyaga kabla ya kupakiwa majahazini. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao pale, na waliokombolewa utumwani wakakaa kwao. Februari 1874 Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari Livingstone, na wenzao walifika kwenye misheni hiyo wakibeba mwili wake kutoka Ilala, huko Zambia ya leo, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Na katikati ya mwaka 1891 ulitoka Bagamoyo msafara wa Kapteni Stairs, uliofika Bunkeya mwezi Desemba. Tarehe 20 ya mwezi huo Msiri, mfalme wa Wayeke, akapigwa risasi, na Katanga ikaingia mikononi mwa Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Nani kati yetu alifundishwa shuleni kwamba safari ile ya kutunyang'anya nchi ilianzia kwenye ufukwe ambao leo tunaweza kuukodia chumba?

Kwa hiyo ninapomwambia mama wa Kamina alale Bagamoyo siku mbili, namwambia pia aende asubuhi moja kwenye makumbusho ya misheni, na kama miguu inaruhusu afike Kaole, kilomita chache kusini, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa zamani, ya kale kuliko ukoloni wote. Asiende kwa haraka. Ni mahali pa kukaa kimya, na mtu aliyelala vizuri anaelewa anachokiona.

Tena sisi si wageni wa jana kwa bahari ile. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale pale Sanga, kando ya Kisale, na mwaka 1974 Pierre de Maret akarudi kuendelea. Walikuta mabaki ya watu walioishi pale tangu karibu karne ya 8: vyungu vya ustadi mkubwa, vyuma, misalaba midogo ya shaba iliyotumika katika biashara. Na katika baadhi ya makaburi walikuta kauri, magamba ya konokono wa Bahari ya Hindi. Hakuna aliyeyaokota Lualaba. Yalitoka pwani, yakapita mikono mingi, soko kwa soko, mpaka mtu wa Sanga akazikwa nayo. Mimi nikifikiria hilo, siwezi kukubali kwamba mjukuu wa watu wale afike Dar es Salaam na kuiona bahari kati ya makontena.

Tuendelee na mambo ya vitendo, maana muda wa kipindi unakwenda.

Jambo linalowashangaza watu wa bara ni maji kujaa na kupwa. Mara mbili kwa siku bahari hupanda, mara mbili hushuka. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupanda sana na hushuka sana, na tofauti pwani ile inapita mita tatu. Ukifika Bagamoyo wakati wa bamvua maji yamekupwa, utaona mchanga na tope mpaka mbali, mashua zimelala ubavu, na utasema umedanganywa, bahari haipo. Ngoja saa sita, itakuwa miguuni pako. Zikiwa siku za maji mafu, katikati ya nyakati hizo mbili, tofauti ni ndogo. Anayetaka kuoga aulize mapokezi: leo maji yanajaa saa ngapi? Kila mwenyeji anajua. Na maji yanapokupwa vaeni ndala, kwa sababu kwenye mawe wanakaa wanyama wadogo wenye miiba mikali. Ninyi mliokulia Lualaba mnaogelea vizuri, najua, lakini maji yanayokupwa yana nguvu ya kuvuta, na mtu mwenye busara humfuata mwenyeji anapoogea.

Mkipiga simu kuulizia chumba, msiulize "kuna utulivu?" Kila mwenye hoteli atajibu upo. Ulizeni vitu. Kuna ukumbi wa sherehe? Jumapili usiku kuna muziki, na unazimwa saa ngapi? Umeme ukikatika, jenereta iko upande gani? Chumba kinatazama bahari, barabara au jikoni? Kuna baa jirani? Baa ya jirani ndiyo inayosahauliwa kila mara, maana picha za hoteli haziionyeshi. Mwambie mhudumu akutumie kwa simu picha ndogo ya video aliyoipiga mwenyewe jioni ile, akisimama mlangoni pa chumba, na usikilize sauti zaidi ya kutazama. Akikataa, tafuta nyumba nyingine. Ulizeni chandarua na feni, kwa sababu kiyoyozi bila umeme si kitu, na mbu wa pwani ni wengi. Sauti mbili msizilalamikie: adhana ya alfajiri na bahari yenyewe. Hizo zilikuwepo kabla ya hoteli.

Msitegemee pia kwamba ufukwe utakuwa wenu peke yenu. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na watu hupita: wavuvi, wanawake wanaookota chaza, watoto wanaotoka shule. Wasalimieni. Mgeni anayeitikia salamu hulindwa na kijiji kizima. Na mavazi ya kuogea yaishie majini. Bagamoyo ni mji wa Waislamu na wa misheni, na mama akijifunga kitenge chake anapotoka ufukweni anaheshimiwa. Wakati wa Ramadhani mchana migahawa mingi imefungwa, hivyo panga na hoteli chakula chako. Wali wa nazi na samaki wa kupaka utavipata kila mahali. Bukari pale inaitwa ugali, na ukiitaka ngumu kama ya kwetu mwambie mpishi mapema.

Habari ya fedha sikilizeni vizuri, kwa sababu inawapata wengi. Hapa kwetu dola ni pesa ya kila siku. Tanzania, tangu mwisho wa Machi 2025, kanuni zinakataza kutaja bei au kulipisha kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, na chumba cha hoteli kimo. Badilisheni dola kwenye duka la fedha lenye leseni au benki, mjini, kabla ya kwenda ufukweni, mchukue risiti. Mtu atakayewadai dola mlangoni mwambieni kwa upole kwamba mna shilingi. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kule tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo vitu vyenu vifungeni katika mifuko ya kitambaa kabla ya Tunduma.

Saa nayo: Dar es Salaam imetangulia saa moja mbele yetu. Hoteli nyingi hutaka chumba kiachwe saa nne asubuhi, na hiyo ni saa nne yao, saa kumi ya Wafaransa. Mkipanga na dereva semeni daima asubuhi, mchana, jioni au usiku, msiache namba peke yake.

Wanaokwenda kwa ndege, Air Tanzania imekuwa ikiunganisha Lubumbashi na Dar es Salaam, na kwao hesabu inabadilika kidogo. Uwanja wa ndege uko upande wa kusini-magharibi wa jiji, na Bagamoyo iko kaskazini, kwa hiyo jioni ya siku ya kazi foleni inaweza kula saa mbili au tatu. Mwenye ndege ya alfajiri asilale Bagamoyo usiku wa mwisho. Alale Kigamboni, avuke daraja la Kurasini, afike uwanjani bila hofu.

Na kuna ambao safari yao haitafika bahari mwaka huu. Nawakumbuka. Reli yetu inapita Kabalo mpaka Kalemie, na Kalemie ina ufukwe wa mchanga kwenye Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina kinachokaribia mita 1,500. Jua linachomoza majini pale, sawasawa na Bagamoyo. Hakuna kupwa na kujaa, maji hayana chumvi, na chumba mnalipa kwa franka. Maswali ya kuuliza ni yale yale ya muziki, jenereta na baa ya jirani, ila mwongeze moja: ni upande gani watu wanaoga bila kuogopa mamba na viboko? Wavuvi watawaonyesha kwa mkono.

Walio na maswali juu ya mabasi ya Tunduma waache ujumbe kwenye simu ya kituo. Nitayakusanya na kuyajibu katika kipindi kijacho. Usiku mwema, Kamina.